Tuwapelekee Kipindi Walipo

Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya wauguzi wa jumuiya kwenye chakula cha jioni cha kuadhimisha Uhuru wa Tanganyika, Houston, Texas



Tumepewa dakika ishirini. Miaka iliyopita dakika hizi tulizitumia kuzungumzia shinikizo la damu, na tunaona baadhi yenu mmeshajiandaa kusikia habari za sukari na figo. Leo mmepona. (Ingawa pilau lile, jamani, chumvi yake tumeiona.) Leo wauguzi wa jumuiya hii tunataka kuzungumza juu ya televisheni. Aliyesimama hapa ni mmoja, lakini maneno tumeyapanga wengi, kwenye chumba cha chai saa tisa za usiku, wagonjwa wakiwa wamelala na kengele zimetulia. Shahada zetu tumezisomea huku ugenini. Baadhi yetu tulianza na cheti nyumbani kabla ya kuja, na hicho cheti cha nyumbani ndicho kilichotupa hoja ya leo.

Mnajua kwamba vijana wetu wametengeneza kipindi cha Kiswahili. Msimu mmoja, sehemu sita, kila sehemu dakika kumi na mbili. Kuna baba dereva wa lori, mama anayefanya kazi mbili, bibi aliyekuja kutembea miezi sita, na wajukuu wasioelewa bibi anasema nini. Wamekipigia picha majumbani mwenu, sofa zenu zimeonekana. Kipo YouTube, na mtu yeyote mwenye televisheni ya kisasa anaweza kukifungulia sebuleni. Ni kizuri. Ile sehemu ya tatu, bibi anapomsimulia mjukuu mazishi ya babu, na mjukuu anatafuta neno "jeneza" kwenye simu huku bibi anaendelea kusimulia, imetutoa machozi watu wazima. Lakini waliokitazama hawajafika mia mbili, na tukisema kweli, wengi wao ni sisi wenyewe tukirudia.

Mwezi Januari mkutano mkuu utaamua kama jumuiya itoe fedha za msimu wa pili. Wapo wanaouliza: kipindi kisichotazamwa kina faida gani? Ni swali la haki kabisa, hatumlaumu aliyeuliza. Ombi letu ni kwamba kabla ya kukihukumu kipindi, tukipeleke kwa watu kwanza. Mpaka sasa kimewekwa mahali na watu wakaambiwa wakifuate.

Wale mliolelewa vijijini mnaikumbuka kliniki ya mkoba. Mama anayeishi mbali na zahanati hawezi kubeba mtoto mgongoni kilomita kumi na tano kila mwezi kwenda kumpima uzito. Kwa hiyo kliniki inamfuata. Muuguzi anapanda baiskeli au pikipiki, au gari la halmashauri likiwa na mafuta, na sanduku la baridi lenye chanjo, daftari, na mizani ya kuning'iniza. Akifika, mizani inafungwa kwenye tawi la mwembe, watoto wanatiwa kwenye kile kikaptula cha kitambaa, wanapiga kelele, wanapimwa, wanachanjwa, na kufikia alasiri mwembe unabaki mwembe. Hakuna jengo. Mwezi ujao, tarehe ile ile ya kliniki, muuguzi anarudi.

Sasa mtu atauliza kliniki ya mkoba inahusiana vipi na televisheni. Wamarekani wanaotengeneza vipindi, pamoja na mabilioni yao ya dola, wanafanya kitu kile kile. Wanafungua kibanda cha siku chache, katika mtaa ambao watu wanapita, ili wanaopita waingie ndani ya kipindi kabla hawajakitazama.

Chukueni mfano wa mwaka 2016. Netflix walikuwa wanakirudisha kipindi cha Gilmore Girls, kilichokuwa kimekwisha tangu 2007. Humo mna mama na binti yake wanaokunywa kahawa kupita kiasi katika mgahawa wa bwana mmoja mkali aitwaye Luke. Tarehe 5 Oktoba, siku kipindi kilipotimiza miaka 16 tangu kuonyeshwa mara ya kwanza, mikahawa ipatayo 200 ya Marekani na Kanada iligeuzwa kuwa mgahawa wa Luke kwa asubuhi moja. Zingatieni kwamba hawakujenga mgahawa hata mmoja. Waliichukua mikahawa iliyokwishakuwepo mitaani, yenye wateja wake wa kila siku, wakatundika vibao, wahudumu wakavaa aproni za Luke, kahawa ikatolewa bure. Foleni zilianza mapema asubuhi. Sehemu mpya zilitoka tarehe 25 Novemba, kama wiki saba baadaye, watu wakiwa bado wanaonyeshana picha za vikombe.

Miaka miwili kabla ya hapo, New York, walifungua kwa muda wa mwezi hivi mkahawa wa Central Perk, ule wa kipindi cha Friends, pamoja na lile kochi la rangi ya chungwa. Kipindi chenyewe kilikuwa kimekwisha miaka kumi nyuma. Watu walisimama foleni ndefu ili wapate kukaa kwenye kochi.

Na hapa hapa jimboni kwetu, Austin, mwendo wa saa tatu kasoro kwa gari, kila Machi kuna tamasha la SXSW ambalo siku hizi limejaa mambo ya namna hiyo. Mwaka 2017 palifunguliwa mgahawa wa kuku wa Los Pollos Hermanos, ule unaoonekana katika Breaking Bad na Better Call Saul. Mwaka 2018 HBO walipita kiasi. Kwa ajili ya kipindi cha Westworld walijenga mji mzima wa kale nje ya Austin, kwenye ekari mbili: baa, posta, farasi, na waigizaji wapatao 60 wakiwa wamevaa kofia za zamani na kuzungumza na wageni kama wenyeji wa mji huo. Watu walipelekwa kwa mabasi. Magazeti yaliandika mno. Msimu wa pili ulianza Aprili ile ile, na mwaka 2022, baada ya misimu minne, kipindi kikafutwa. Hatusemi ule mji ndio uliokiua kipindi, hata kidogo. Tunasema tu kwamba farasi na ekari mbili haviwezi kumrudisha mtazamaji wiki ya tano. Yule aliyekwenda Austin alikwenda kuuona mji, akauona, akarudi kwake.

Mfano tunaoupenda sisi, na hamtashangaa kwa nini, ni wa Machi 2019. Kipindi cha Game of Thrones kilikuwa kinaingia msimu wake wa mwisho. (Wazazi, hicho msikitazame mbele ya wakwe.) HBO wakaungana na Msalaba Mwekundu wa Marekani. Katika tamasha lile la Austin wakajenga sehemu ya kuchangia damu iliyopambwa kama kasri za kwenye kipindi, na kwa siku sita hivi kampeni hiyo ikaendeshwa katika majimbo zaidi ya 40, kwenye vituo vya kawaida vya kuchangia damu. Kipindi ambacho kila mtu anakufa kwa upanga kikawaambia mashabiki: mmetazama damu ikimwagika miaka minane, sasa toeni yenu kidogo. Na walitoa.

Lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi wodini anajua kitu kimoja kuhusu damu. Chembe nyekundu zinakaa kwenye friji siku 42, basi. Zikipita hizo, unamwaga. Kwa hiyo umati wa Machi hauwezi kumsaidia mama anayevuja damu mwezi Juni. Anayemsaidia wa Juni ni yule aliyetoa Machi, akapewa kadi, akaambiwa kwamba baada ya siku 56 anaruhusiwa kutoa tena, na akarudi. Benki ya damu haiishi kwa tamasha. Tamasha linaleta uso mpya mlangoni, na kazi inaanzia pale mtu anapovaa koti lake kuondoka: ameondoka na nini mkononi?

Nyumbani tulikuwa na jibu. Aliondoka na kadi ya kliniki. Mama alifundishwa kuilinda ile kadi kuliko pesa, aliifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuichomeka chini ya godoro, na kila alipokuja muuguzi aliandika kwa kalamu tarehe ya kurudi. Kliniki ya mkoba isiyoandika tarehe ya kurudi ni pikniki.

Basi hoja yetu ndiyo hiyo, na tunaiweka mezani. Kibanda cha siku moja kinaweza kukipatia kipindi cha vijana wetu watazamaji, mradi kiwekwe pale watu walipo tayari, na kila anayeondoka awe na tarehe ya kurudi mkononi. Farasi hatuhitaji.

Wengine mtasema haya ni mambo ya Wamarekani. Hapana. Nyumbani televisheni na sinema zimewafuata watu tangu zamani. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wao pale Vugiri, kwenye milima ya Usambara, wa kutengeneza filamu fupi za mafunzo na kuzizungusha Afrika Mashariki kwa lori. Filamu zenyewe ziliwatazama wazee wetu kama watoto wa kufundishwa kunawa, na hatuzisifu, lakini lori lilifika. Wengine hapa mnakumbuka gari la sinema la kutangaza sabuni, shuka jeupe likiwambwa uwanja wa shule, nanyi mkikaa upande wa nyuma wa shuka mkisoma maandishi kinyumenyume. Bara tumepata televisheni mwaka 1994 ITV ilipoanza. Zanzibar walitutangulia kwa miaka kama ishirini, na hawatuachi tusahau. Katika miaka ile nyumba yenye televisheni ilikuwa ukumbi wa mtaa. Viatu mlangoni vilikuwa hamsini. Baadaye Kaole walipoanza kuonyeshwa, kesho yake kisimani na kwenye daladala mazungumzo yalikuwa hayo hayo, na asiyetazama aliomba asimuliwe. Na banda umiza je? Benchi la mbao, joto, na mtu anayetafsiri filamu ya Kichina ambayo yeye mwenyewe haielewi, lakini ukumbi unacheka. Hakuna aliyetufundisha kutazama peke yetu. Kutazama peke yetu tumejifunzia huku, kila mtoto na simu yake, chumbani kwake, mlango umefungwa.

Hapa tuseme jambo moja zito kidogo, halafu turudi kwenye vibanda.

Kazini tunawapokea wazee wa jamii zetu. Wameishi nchi hii miaka ishirini, thelathini, Kiingereza wamekitumia kazini mpaka wakastaafu. Ugonjwa wa kusahau unapoingia, mara nyingi lugha iliyoingia mwisho ndiyo inayotangulia kutoka. Mzee anarudi kwenye lugha ya utotoni mwake. Tumesimama kwenye vyumba vya namna hiyo zaidi ya mara moja. Mzee anasema, "Nina kiu," anasema tena, na mjukuu aliyeketi pembeni, mtoto mzuri, mwenye adabu, aliyekuja moja kwa moja kutoka chuoni kumwona babu yake, anatutazama sisi. Anataka tumtafsirie babu yake. Hospitali ina mkalimani wa simu, na tunashukuru yupo, lakini mkalimani wa simu hajui kwamba babu akisema "niletee ile ya Tanga" anataka chungwa.

Mtoto yule hakukataa kujifunza Kiswahili. Aliambiwa ni lugha ya nyumbani, akakua nyumbani kukiwa kimya kwa sababu baba na mama wako zamu. Shule yetu ya Jumamosi ilifanya kazi nzuri na bado inafanya, ila walimu wenyewe watawaambia kwamba mtoto akishafika miaka kumi anaanza kuona aibu. Kipindi cha televisheni hakimwaibishi. Hakimsahihishi. Anakirudisha nyuma mara tatu kusikia neno moja na hakuna anayemcheka. Ndiyo maana hatutaki kipindi hiki kife kwa kukosa watazamaji, na vipo vingine kutoka nyumbani ambavyo watoto wetu hawajawahi kuvisikia. Dar es Salaam kuna Ubongo Kids, katuni iliyoanza kuonyeshwa Januari 2014, inayofundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo, yenye nyani aitwaye Ngedere anayevuruga kila kitu. Kuna Akili and Me kwa wadogo zaidi, ya msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Vyote vina sauti ya Kiswahili safi. Mamilioni ya watoto Afrika wanavijua; wa kwetu hapa wanawajua nguruwe wa Uingereza mpaka majina ya binamu zao.

Ninyi watoto wa kule nyuma, hapa tunawauliza ninyi. Nani anamjua Ngedere? Mmoja. Na yule alikuwa Dar likizo. Asante, endelea na keki.

Sasa, watu wetu wako wapi? Ukumbi kama huu wanakuja mara moja kwa mwaka, wakiwa wamevaa vizuri, na wanatazama saa. Siku nyingine zote wako kwingine, na sisi tunapajua kwa sababu ndipo tunapokwenda na mashine za kupimia presha.

Wako saluni ya kusuka. Hebu fikirini: msichana wa miaka minane anakaa kwenye kiti saa nne, tano, kichwa kimeshikwa, hana pa kwenda. Ukutani kuna televisheni inayoonyesha chochote. Wasusi wetu ni dada zetu, wamo humu ukumbini. Jumamosi moja tunatundika kibao mlangoni chenye jina la kipindi, tunamkalisha bibi wa kwenye kipindi, yule yule mwigizaji, kwenye kiti cha pembeni na kitambaa chake kichwani, anaongea na wateja kama vile amekuja mjini kutembea. Televisheni inaonyesha sehemu ya kwanza. Mtoto aliyekaa anasukwa anamwona bibi kwenye skrini na anamwona bibi kitini. Hakuna mji wa HBO utakaomshinda huyo.

Kwa kinyozi ni hivyo hivyo, isipokuwa wanaume wanataka mpira, kwa hiyo kule tunaweka kabla ya mechi kuanza. Tusishindane na mechi.

Wako dukani, kwenye unga, maharage na majani ya chai ya nyumbani. Foleni ya pale inajulikana. Mwenye duka mmoja ametukubalia meza mlangoni.

Wako kwenye meza yetu ya presha, nje ya kanisa na nje ya msikiti. Hapa kuna siri ya kazi: kabla ya kupimwa presha mtu anatakiwa kukaa ametulia, miguu sakafuni, mgongo umeegemea, dakika tano nzima bila kuongea. Dakika tano! Hadi leo watu wamezitumia kutazama viatu vyetu. Tukiweka skrini mbele yao, sehemu ya kwanza inafika karibu katikati, kwenye ugomvi wa ugali, na mtu anauliza, "Halafu ikawaje?" Hapo tunampa kadi. (Ugomvi wa ugali hautapandisha presha ya mtu, tumejaribu.)

Na wako kwenye majengo ya kupanga ya kusini magharibi mwa mji, Gulfton na Alief, wanakoishi ndugu zetu Wakongo waliokuja kama wakimbizi. Hapa tuseme wazi. Watoto wa Wakongo wanazungumza Kiswahili kuliko watoto wetu. Wanakizungumza uani, wanagombana kwa Kiswahili, wanatukanana kwa Kiswahili, mambo ambayo wa kwetu hawawezi. Na tumesikia watu wa jumuiya hii wakiwasahihisha: "hatusemi hivyo, tunasema hivi." Acheni. Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi kina wenyewe. Tukipeleka shuka jeupe na projekta kwenye ua wa majengo yale jioni moja, hao ndio watazamaji wetu wa kwanza, na kama vijana wana akili ya kazi, msimu wa pili utakuwa na jirani Mkongo kwenye kipindi, anayezungumza kwa lafudhi yake, na hatasahihishwa na mtu.

Kadi yenyewe iwe kama ile ya kliniki. Ngumu, ndogo, mtoto aweze kuibandika kwenye friji. Mbele jina la kipindi na kile kimraba cha kupiga picha kwa simu ili kipindi kifunguke. Nyuma visanduku sita, kimoja kwa kila sehemu, vyenye tarehe. Kwa hili tunawaomba vijana wakubali jambo litakalowauma: sehemu zote sita zitolewe kule zilikowekwa, zianze upya, zitoke moja moja, kila Jumamosi saa kumi na moja jioni. Mkiwapa watu zote kwa pamoja wataweka kiporo, na kiporo cha namna hiyo hakiliwi. Mtoto akitazama anabandika nyota kwenye kisanduku. Mwenye nyota sita anakuja kwenye kibanda cha mwisho, anapewa kanga ya bibi iliyokatwa leso, na anapiga picha kwenye lile sofa.

Kuna aliyetuambia wiki iliyopita kwamba watu watakuja kwa ajili ya vitumbua, si kwa ajili ya kipindi. Ni kweli, watakuja kwa vitumbua. Nyumbani mama mjamzito alikuja kliniki akifuata hati punguzo ya chandarua. Akiwa pale akapimwa damu, akapimwa presha, akaambiwa mtoto amekaa vibaya, akapewa rufaa mapema. Hatukumuuliza amekuja kwa sababu gani. Tulimwandikia tarehe ya kurudi.

Juu ya gharama, hatutawachosha. Projekta ipo, ya shule ya Jumamosi. Spika ipo. Shuka tunazo, wauguzi hawakosi shuka (za kwetu, Mheshimiwa Mwenyekiti, tumenunua). Kadi zitachapishwa, na hizo zinahitaji fedha kidogo. Kwenye majengo ya kupanga tutaandika barua kwa msimamizi kuomba ua, kwa sababu hatutaki polisi waitwe tukiwa tunaonyesha katuni. Na vipindi ambavyo si vyetu tutaomba ruhusa ya wenyewe kwa maandishi kabla ya kuvionyesha hadharani. Cha vijana wetu hakihitaji ruhusa ya mtu. Bendi ya kesho kutwa ya mwaka mpya inalipwa kiasi gani mnakijua. Hatusemi isije. Tunasema usiku mmoja wa bendi unachapisha kadi za miaka mitatu.

Hesabu ya watazamaji tutaifanya kama tunavyohesabu wagonjwa. Hatutaleta kwenye mkutano picha ya umati. Umati wa siku moja haumo kwenye hesabu yetu. Tutahesabu kadi tulizogawa, halafu tutahesabu waliotazama sehemu ya pili, na ya tatu, mpaka ya sita. Kama kadi mia tatu zimetoka na waliofika sehemu ya sita ni kumi, tutasimama hapa hapa na kusema ni kumi, na mkutano uamue. Ndiyo maana tunaomba uamuzi wa fedha za msimu wa pili usogezwe kutoka Januari hadi mwisho wa Machi. Wiki kumi na moja hivi zinatosha kwa vibanda vitatu na sehemu zote sita.

Kibanda cha kwanza tumepanga kiwe saluni, Jumamosi ya pili ya Januari, kuanzia saa nne asubuhi. Anayeweza kukaa zamu ya saa mbili aandike jina kwenye daftari lililoko meza ya chai, na aandike kama anajua kuendesha projekta au anajua kukaanga vitumbua. Wote wanahitajika, ila wa vitumbua ni wachache zaidi. Vijana waigizaji, bibi tunamhitaji na vazi lake. Wazee wenye wajukuu, siku hiyo waleteni wasukwe, nusu bei, dada zetu wamekubali. Na yule ndugu aliyeazima turubai la kijani la jumuiya kwa ajili ya harusi ya Agosti, tunajua liko gereji kwake. Tunaomba alilete kabla ya Krismasi.